Mmekuja Dar kwa dabi? Msilale Masaki

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na bwana mmoja wa Nairobi. Yeye na mkewe ni watu wa Gor Mahia, wanakuja Dar kuona Simba na Yanga kwa mara ya kwanza, na walikuwa wameshabuku chumba Masaki kwa sababu kila waliyemuuliza aliwaambia huko ndiko kuzuri. Nikamwomba aachane na hicho chumba kama bado anaweza. Masaki ni kuzuri, sibishi. Upepo wa bahari upo, mitaa imetulia, usiku unalala vizuri. Ila hii ni dabi ya Kariakoo, mtaa wenye makao ya timu zote mbili, na mtu anayelala Masaki ataiona kwa dakika tisini tu halafu ataondoka akidhani ameiona yote.

Kazi yangu ni kutembeza wageni mjini, na wanaokuja kwa ajili ya mpira nawapenda kuliko wote, hasa wanapokuja wawili wawili. Basi niliyomwambia yule bwana nayaandika hapa, maana msimu unapopamba moto maswali huwa ni yale yale.

Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936. Makao makuu ya Yanga yako makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, na kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake ni mwendo wa miguu, huhitaji hata bajaji. Hilo ndilo linalowashangaza wageni wangu kuliko jambo lolote. Wamezoea kusikia kwamba hizi ni timu mbili zinazoigawa nchi kuanzia Bukoba mpaka Mtwara, halafu wanakuta ni majirani wanaonunua nyanya soko moja. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tafuteni chumba hapa Kariakoo, au mitaa ya jirani ya Gerezani na Ilala. Hoteli za kawaida zipo nyingi, zimejengewa wafanyabiashara wanaokuja kufunga mizigo. Ombeni chumba cha nyuma, kisichotazama barabara, kwa sababu mikokoteni na honi huanza kabla hakujapambazuka.

Siku moja kabla ya mechi, tembeeni asubuhi wakati jua halijawa kali. Mimi huanzia Mnazi Mmoja, kwenye Mnara wa Uhuru, tukashika Mtaa wa Lumumba ambako TANU, chama kilichopigania uhuru, ilizaliwa Julai 7, 1954, halafu tunaingia Kariakoo yenyewe. Soko kuu alilichora Beda Amuli, msanifu majengo wetu, na mimi husimamisha wageni hapo walitazame lile paa la zege lililokaa kama miavuli. Soko hilo liliungua Julai 2021 na watu wengi wa mji huu walilia kama wamefiwa. Kutoka sokoni twendeni Msimbazi, pigeni picha chini ya nembo ya Mnyama, yaani Simba, kisha vukeni kwenda Jangwani mkawasalimie Wananchi, yaani Yanga. Siku hiyo mitaa yote miwili imejaa jezi, vuvuzela na wazee wenye hoja. Simu iwe mfuko wa mbele, na mkoba wa mama uvaliwe kifuani.

Hapo kuna jambo la rangi. Gor Mahia huvaa kijani, na kijani katika mji huu ni ya Yanga, ikisindikizwa na njano. Niliwahi kupita Msimbazi na mume na mke waliovaa jezi za Gor, na hatukufika mbali. Wazee waliokuwa kijiweni wakaita, "Nyie wa Jangwani, mnatafuta nini huku? Njooni mkae!" Tulikaa karibu saa nzima. Walipojua kuwa ni Wakenya, yule dada akaulizwa maswali ya Gor na AFC Leopards, akayajibu moja baada ya jingine na mumewe akabaki kusikiliza. Wazee walikataa kabisa tulipe kahawa. Mavazi ya kijani si hatari, utani wetu hauna kisu ndani, lakini lazima mjue mnasema nini kabla hamjafungua mdomo. Asiyetaka kusema lolote avae nyeupe isiyo na nyekundu ya Simba, au nyeusi.

Na kijiwe cha kahawa msikiruke. Wageni huniuliza baa nzuri ya mpira iko wapi, mimi nawapeleka kwanza kwenye benchi la mbao, birika liko juu ya mkaa, kahawa chungu kwenye kikombe kidogo na kashata pembeni. Kariakoo imejaa watu wasiokunywa pombe, na mazungumzo mazito ya mpira yako kwenye mabenchi hayo. Pale mtaambiwa habari za 1968, Yanga ilipoipiga Simba 5-0. Atadakia mwingine na 1977, Simba 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga mabao matatu peke yake. Wa Simba ataongeza 5-0 ya Mei 2012, na wa Yanga atamaliza kwa 5-1 ya Novemba 2023. Tangu siku hiyo, mtu akikusalimia kwa kiganja kilichofunguka vidole vyote vitano huku anatabasamu, ujue ni wa Jangwani na hakusalimii kweli, anakukumbusha yale matano. Mkizishika tarehe hizo nne, mtakaribishwa benchi lolote la mji huu.

Jioni sasa ndiyo ya baa. Kwanza mjue tofauti. Baa ina viti vya kutosha, jiko la nyama na runinga kubwa. Grosari ni ndogo, ya mtaani, viti vya plastiki nje, wateja wanajuana kwa majina, na mhudumu anajua kila mmoja anakunywa nini. Kibanda umiza ni ukumbi wa kuonyeshea mpira, unalipa kiingilio kidogo mlangoni, mnabanana kwenye mabenchi, joto lake ndilo lililokipa jina. Kwa wawili wanaosafiri mimi huchagua grosari usiku wa kabla ya mechi. Baa kubwa zina muziki unaofunika maneno, na nyie mmekuja kusikiliza maneno. Ilala na Chang'ombe zinazo nyingi. Tembeeni mpaka muone meza yenye jezi za rangi zote mbili, hiyo ndiyo meza ya watu wanaoheshimiana. Ombeni kukaa karibu nayo, na salamu itolewe kwanza, maana hapa mtu hakai tu.

Mhudumu atawauliza, "Ya baridi au ya moto?" Msishangae, wengi wetu tunakunywa bia isiyotoka kwenye friji, na akisema ya moto anamaanisha hiyo. Mkitaka baridi, semeni baridi. Kilimanjaro ni nyepesi kidogo, Safari inauma zaidi, na Konyagi, pombe kali yetu, iacheni mpaka mechi iishe. Nyama huagizwa kwa kilo: nusu ya mbuzi inatosha wawili, ije na ndizi za kuchoma, kachumbari na pilipili. Kitimoto ni nguruwe, inauzwa baa zilizo na jiko lake maalumu, msiiulizie popote tu. Chupa tupu ziacheni mezani mpaka mmalize hesabu, ndiyo njia rahisi ya kukubaliana bili bila maneno. Mkitoka kuna pweza na mishkaki kando ya barabara, na dada mmoja wa Kisumu aliniambia supu ya pweza ndiyo kitu pekee alichokikumbuka kwa jina.

Siku ya mechi msiende kokote. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka kuna wageni wanaopanda boti kwenda kisiwa cha Bongoyo asubuhi, wakidhani saa 8 watakuwa wamerudi, na wanafika uwanjani wamechelewa, wamechomwa jua na wamenuniana. Mechi nyingi kubwa huanza saa 11 jioni au usiku, lakini watu huanza kuingia tangu mchana. Kuleni mapema, saa 6. Tiketi nunueni siku kadhaa kabla, kwa njia ya kadi ya N-Card, na kadi hiyo hiyo itawavusha kwenye pantoni ya Kigamboni kesho yake. Mzunguko ndiyo sehemu ya bei ya chini na ndiko kelele zilipo. Nikiwa na wageni wawili wanaokuja mara ya kwanza nawapeleka mzunguko, isipokuwa mmoja akiwa mjamzito au mzee. Ulizeni mashabiki wa timu yenu wanakaa upande gani kabla hamjachagua mlango.

Uwanja wa Benjamin Mkapa uko Temeke, ulifunguliwa 2007, unachukua watu 60,000. Ulikuwa ukiitwa Uwanja wa Taifa mpaka Mzee Mkapa alipofariki Julai 2020, na mtasikia watu wakiuita Lupaso, kijiji alikotoka. Pembeni yake kuna Uwanja wa Uhuru, tunauita Shamba la Bibi. Simameni hapo hata dakika tano, maana ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa Desemba 1961. Mtandao wa simu huzidiwa watu wakishajaa, kwa hiyo wekeni mahali pa kukutana kama mtapotezana: mimi hutumia geti la chuo cha ualimu, DUCE, kwa sababu kila dereva wa bodaboda analijua. Chupa za maji hazipiti getini. Mkiwa ndani, mashabiki wa Simba wataimba kwamba kwa Mkapa hatoki mtu, na wa Yanga watawajibu. Imbeni na upande mliokaa nao.

Mechi ikiisha msikimbilie magari. Barabara ya Kilwa na ya Mandela huziba kabisa. Ingieni grosari yoyote ya Chang'ombe au Keko, kaeni saa moja na nusu, sikilizeni walioshinda wakiwa wapole na walioshindwa wakimlaumu mwamuzi. Hapo ndipo wageni wangu wengi hupata marafiki wanaowapigia simu mpaka leo.

Kuna jambo moja zito ambalo lazima niliseme kabla hamjalipa nauli. Dabi huahirishwa. Mei 8, 2021 watu walikuwa wameshafika uwanjani, muda wa mechi ukasogezwa kutoka saa 11 kwenda saa 1 usiku, Yanga hawakukubali, na mchezo ukachezwa Julai 3. Machi 8, 2025 ikaahirishwa tena siku ile ile ya mechi, ikaja kuchezwa Juni 25. Niliona watu waliotoka Mwanza na Mbeya kwa basi wakirudi bila kuona hata mpira ukidunda, na iliniuma sana. Kwa hiyo nawashauri mje na siku tatu au nne na mambo mengine mnayoyataka kweli katika mji huu, ili mchezo ukiondoka, safari isiondoke nao.

Mambo hayo yapo. Asubuhi ya siku inayofuata nendeni Feri, soko la samaki la Kivukoni, mapema wakati mnada bado una moto. Nunueni changu au ngisi, mkaangiwe palepale, mle mkisimama. Pandeni pantoni, ni dakika chache tu, mkatembee ufukweni Mjimwema. Mkirudi, Makumbusho ya Taifa iko Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea: fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai 1959 na magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Nyumba yake ya Magomeni nayo ni makumbusho, ndogo, tulivu, vyombo vya kawaida kabisa vya familia. Wageni wengi hutoka pale wakiwa kimya. Kariakoo hadi Magomeni mnakwenda kwa mabasi ya mwendokasi. Vinyago viko Mwenge, picha za Tingatinga ziko Oysterbay, na mkiwa huko jioni, mihogo ya ufukwe wa Coco inawangoja.

Usiku wa mwisho, kama bendi inapiga, nendeni mkacheze dansi. Msondo Ngoma ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na Sikinde, yaani Mlimani Park, ikaanza 1978. Hao nao ni watani wa jadi, mashabiki wao wanagombana kama wa mpira, na mzee mmoja wa Ilala aliniapia kwamba kuhama Msondo kwenda Sikinde ni dhambi kubwa kuliko kuhama Simba. Kumbi hubadilika, ulizeni kijiweni, watawaelekeza. Vaeni viatu vya kuchezea.

Yule bwana wa Nairobi amenitumia ujumbe jana. Chumba cha Masaki wamekifuta, wamepata Gerezani, ghorofa ya tatu, upande wa nyuma. Mkewe anauliza kama lile benchi la wazee pale Msimbazi bado lipo. Nimemwambia lipo, na aje na jezi yake ya kijani.