Mashimo ya Kitulo na Kongamano la Askari wa Uhifadhi Duniani

Msimu wa mvua uliopita, nikiwa doria na askari wa uhifadhi katika uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, tulikuta mashimo yenye upana wa kiganja, udongo wake mweusi ukiwa bado mbichi, na kando yake majani ya okidi yaliyonyofolewa na kutupwa. Viazi vya okidi hizo, yaani sehemu nene za mizizi yake, vilikwisha kuchukuliwa. Viazi hivyo huvushwa hadi Zambia, ambako hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga, na chakula hicho huitwa chikanda. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya kulinda mimea, lakini askari wake huliona shimo tu. Anayekiona kiazi kikiuzwa ni mwenzake aliye ng'ambo ya Tunduma, mji wa mpakani na Zambia. Kwa sababu hiyo, kila ninapowafundisha askari wapya hapa Mbeya, huwaeleza habari za Kongamano la Askari wa Uhifadhi Duniani, ambako askari wa nchi mbalimbali hukutana.

Kongamano hilo huitishwa na Shirikisho la Kimataifa la Askari wa Uhifadhi, lililoundwa tarehe 31 Julai 1992 na vyama vitatu vya Uingereza na Marekani. Tarehe hiyo ndiyo tunayoiadhimisha kila mwaka kuwa Siku ya Askari wa Uhifadhi Duniani, tukiwakumbuka waliofia kazini. Kikao cha kwanza kilifanyika Zakopane, Poland, mwaka 1995. Cha saba kilikuja kwetu, Arusha, mwaka 2012.

Kikao ninachokitumia zaidi darasani ni cha Chitwan, Nepal, cha mwaka 2019. Azimio lake lilimweka mezani askari mwenyewe, yaani vifaa vyake, mafunzo yake, bima yake na usalama wake, na likadai pia kwamba wanawake wapewe nafasi sawa katika kazi hii. Naliona jambo hili kuwa zito, kwa kuwa miaka mingi tulizoea kuhesabu tembo na twiga bila kuuliza kama anayewalinda ana viatu visivyopitisha maji. Kitulo, ambako baridi ya Juni huacha sakitu juu ya nyasi, kiatu kilichotoboka humrudisha askari kambini kabla doria haijafika nusu.

Hata hivyo, naamini kwamba nafasi za kuhudhuria zinapaswa kuwafikia zaidi wale wanaolala porini, wakiwamo askari wa wanyamapori wa vijiji, kwa kuwa ndio wanaozijua njia za panya. Siku ile niliyapiga picha mashimo yale, nikiwa nimeweka kiatu changu kando ili ukubwa wake uonekane. Akipatikana wa kwenda, nitamkabidhi picha hiyo amwoneshe askari wa Zambia, wakae pamoja na kufuatilia ni soko lipi linalopokea viazi vya Kitulo.