Mkate wa kumimina: kutoka unga wa pakiti hadi mchele wenyewe

Wengi huanza mkate wa kumimina kwa unga wa mchele wa pakiti, na si vibaya. Nami ndiko nilikoanzia, kwetu Wete, Pemba, Ramadhani moja, mkate ukatoka kama kigae. Shangazi aliugonga kwa kijiko, akasema, "Huu mwanangu tuuwekee mlango, usije ukafungwa na upepo." Ila siku ukisema unahamia kwenye mchele wa kulowekwa, kila jirani huja na lake, na mengi si kweli.

La kwanza: eti mchele hulowekwa ili usiharibu blenda, basi. Sivyo. Maji yakishaingia, punje hulainika mpaka ndani, na ukiisaga chembe za wanga hazipondeki sana kama mchele unaosagwa mkavu. Wanga uliopondeka hunywa maji mengi. Ndiyo maana anayetumia unga wa pakiti kwa kipimo kilekile cha tui hupata donge. Akiongeza tui kwa papara, linakuwa maji, na mkate hautoi macho, yaani vile vitundu vyake. Mchele hauna mnato wa ngano wa kushika mapovu, kinachoyashika ni uzito wa rojo tu. Mimi kwa vikombe 2 vya mchele hutia kikombe 1 na nusu cha tui zito, kisha nalitazama rojo: likichotwa kwa upawa lishuke kama utepe, likunjike kidogo ndipo lizame. Sugua tone kati ya vidole. Ukisikia chenga, rudisha kwenye blenda. Na hili la kuloweka usiku kucha lina kasoro yake huku kwetu, maana kwa joto hili maji huchacha. Tia kwenye friji, au loweka mchana kwa muda wa saa 4 au 5.

Wengine husema hamira ikizidi mkate hufura zaidi. Hufura upesi, kweli, kisha hubonyea ukiwa motoni na kubaki na harufu ya hamira. Kijiko 1 cha chai kinatosha vikombe 2. Na tui liwe vuguvugu tu: likikuchoma kidole ni hatari, kwani kuanzia kama nyuzi 55 za Selsiasi hamira hufa.

Sukari nayo ina ubishi. Wanaosema itiwe yote mwanzo kwa kuwa ndiyo chakula cha hamira wamepata nusu. Mchele mweupe una sukari kidogo mno, na wanga wake hamira haiwezi kuula ulivyo. Watengeneza bia huko Ulaya huiotesha shayiri kwanza, ili nafaka yenyewe itoe vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Mchele uliokobolewa umeshatolewa kiini, hauoti tena. Kwa hiyo tia kijiko 1 cha sukari wakati wa kusaga. Kile kikombe kizima cha sukari ya mkate kingoje mpaka rojo liumuke, kwani sukari nyingi huinyonya hamira maji, na rojo hulegea. Hapo ndipo pia pa kutia ute wa yai. Iliki husagwa tangu mwanzo pamoja na mchele.

Kuna swali huulizwa kwa sauti ya chini: hamira si ndiyo ya pombe? Ndiyo, kiumbe ni kilekile, Saccharomyces cerevisiae, na hata neno hamira limetoka kwenye Kiarabu, mzizi mmoja na khamri. Kikila sukari hutoa gesi na spiriti kidogo. Lakini bia hukaa siku na siku, rojo letu hukaa dakika 40 hivi, na kidogo kilichotoka, moto huondoa sehemu yake kubwa. Boflo, yaani mkate wa ngano, na maandazi ni hivyohivyo, na hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu boflo.

Oveni? Si lazima. Sufuria ipashwe na mafuta kidogo, mimina, moto wa chini uwe wa wastani. Subiri uso uanze kutoboka macho, ndipo upalie makaa juu ya mfuniko, mengi kuliko ya chini. Ukiwahi kupalia, uso hufunga ngozi macho yangali hayajafunguka.