Sultani wa kidato cha nne na hamali wake

Usiku mmoja kijana wa kidato cha nne aliyeko Masasi alimfokea mwalimu mstaafu wa Lindi: "Hamali! Nimekuita mara ngapi?" Mwalimu akajibu papo hapo kwamba mgongo umekwisha, sultani amhurumie, na kama kuna kahawa ya jana iliyobaki kwenye dele atashukuru. Dakika mbili hazijapita, kwenye chaneli ya pembeni, kijana yule yule akaandika:

"Shikamoo mwalimu. Samahani, nimezidisha?"

"Marahaba mwanangu. Hujazidisha. Ila sultani haulizi mara ngapi. Sultani anaita mara moja."

Kama umewahi kuendesha mchezo wa kuvaa uhusika mtandaoni, hapo umeshaona kazi yetu yote ilipo. Mchana nahudumia kompyuta na mitandao ya maofisi hapa Mtwara mjini. Usiku ni admini wa mji ambao haupo: bandari ya kale ya mwambao huu wa kusini, yenye sultani, forodha, majahazi na fitina za kutosha. Kila mchezaji amevaa uhusika wa mtu mmoja. Anaandika anachosema na anachotenda, mwenzake anapokea, kisa kinasonga. Ni maandishi matupu, hakuna gari la kuendesha wala bunduki ya kufyatua.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la vyeo. Mtu anafungua seva yake, yaani uwanja wake kwenye Discord, programu ya maongezi tunayochezea, siku ya Jumatatu, ikifika Ijumaa ana mawaziri tisa, maadmini sita, na ugomvi. Nikimuuliza waziri wa fedha anaruhusiwa kufanya nini, ananyamaza, maana hajajua kama ninamuuliza kuhusu waziri wa kwenye kisa au mtu mwenye simu.

Kwetu mtu mmoja hubeba vitu vitatu, na kila kimoja kina mfuko wake. Kuna cheo cha mhusika: sultani, hamali, nahodha, mke wa pili wa nahodha. Hicho ni mali ya hadithi. Sultani akipinduliwa kesho, kijana wa Masasi hapotezi hata chembe ya haki yake kama mwanachama. Kuna kundi la mchezaji, linalosema anaweza kubonyeza nini: kuandika wapi, kufuta nini, kumtoa nani. Halafu kuna jina la heshima, ambalo halibonyezi chochote. Ni shukrani iliyoandikwa pembeni ya jina lako.

Makundi tunayo machache. Mgeni anasoma na kusalimia tu mpaka aandike wasifu wa mhusika wake ukakubaliwa, ndipo anakuwa Mwenyeji. Anayeongoza visa, anayeamua tufani inapiga lini na kodi ya forodha imepanda kiasi gani, tunamwita Fanani, neno tulilosoma wote kwenye fasihi simulizi. Mafundi ni wawili, nikiwemo mimi. Kundi la tano nitalifikia.

Balaa lililonifundisha nalieleza wazi kwa sababu lilikuwa kosa langu mwenyewe. Tulikuwa na Fanani wa zamani aliyechoka, akaomba kupumzika. Nikataka kumpa jina zuri, Fanani Mstaafu. Kwa uvivu nikachukua kundi lililokuwepo la Fanani wa mwanzo, nikalibadilisha jina, nikalipaka rangi ya dhahabu, nikampa. Ruhusa za ndani sikuzigusa. Kwenye Discord ruhusa zinajumlishwa: ukiwa na makundi manne, likatokea moja tu linaloruhusu kusimamia chaneli, basi unaruhusiwa, hata kama hayo mengine matatu hayana kitu. Miezi ikapita. Siku moja huyo Fanani Mstaafu akagombana na mtu juu ya kifo cha mhusika wake, akapandwa na hasira, akafuta chaneli ya sokoni. Chaneli ikifutwa Discord hairudi. Miaka miwili ya visa, harusi tatu, kesi ya pembe za ndovu iliyokuwa haijahukumiwa, vyote vikaenda na maji.

Watu walimlaumu yeye. Mimi nilijua aliyemwachia funguo ni nani.

Tangu siku ile kundi lolote la heshima nalitengeneza upya kutoka sifuri, kila kitufe kimezimwa, linabaki na rangi na jina. Naliweka chini kabisa kwenye orodha, chini ya Mwenyeji, kwa kuwa mpangilio nao una maana: mwenye ruhusa ya kugawa makundi anaweza kugawa yaliyo chini ya kundi lake la juu kabisa tu. Boti, yaani programu zinazofanya kazi zenyewe ndani ya seva, zinafuata sheria hiyo hiyo. Ndiyo maana mtu analalamika boti yake imegoma kutoa vyeo, kumbe ameiweka chini ya vyeo vyenyewe. Na usichezee idadi. Seva moja inabeba makundi 250, utaona ni mengi mpaka utakapomruhusu kila shabiki wa jahazi awe na rangi yake.

Nadhani tabia ya kuchanganya heshima na funguo tumeirithi. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika MUD, mchezo wa maandishi wa watu wengi kwa pamoja, na Richard Bartle akauendeleza. Aliyefika kilele cha mchezo ule aliitwa mchawi, na uchawi wake ulikuwa wa kweli kwa maana ya kompyuta: alipata amri ambazo mchezaji wa kawaida hana. Tuzo ikawa mamlaka. Mahali pa wanafunzi wachache wanaojuana huenda ikafaa. Kwetu mtu anayejua kuandika kifo kwa machozi anaweza kuwa hana subira hata ya kumsomea mgeni kanuni mara mbili. Kipaji kimpe jina, funguo mpe mwenye subira.

Mfano ninaoupenda zaidi uko jirani hapa, Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, akaandika kwamba aliitwa pia Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa wingi wa ukarimu wake. Usultani alikuwa nao tayari. Lile jina la pili halikumpa jahazi wala askari, lilisimulia tu alichokuwa akikifanya. Ndicho kipimo tunachotumia: jina la heshima litaje tendo. "Mchezaji Bora" tumelikataa mara tatu, halisemi kitu. "Mlinzi wa Kumbukumbu" lina maana, maana dada tuliyempa anajua jahazi gani lilizama mwezi gani na nani alikuwa na deni la nani. Haombwi mtu kujipendekeza. Anayempendekeza mwenzake hubandika kipande chenyewe cha mchezo, watu wasome, na Fanani huamua. Jina ni moja kwa mtu mmoja. Ukipewa jipya, la zamani unaliacha, usije ukawa kama zile barua za mialiko zenye majina ya mgeni rasmi mistari minne.

Kuna majina tusiyoyagusa. Aliwahi kutokea mtu akapendekeza tumpe mkongwe wetu jina la Mkulungwa. Mwanachama wa Newala akaandika taratibu, bila ukali, kwamba kwao mkulungwa ni mtu ambaye watu humwendea, ana wajibu wake mbele ya ukoo, na hawezi kumweleza babu yake kwamba jina hilo limetolewa kwenye simu kwa sababu ya vichekesho. Mjadala ukaishia hapo. Sheikh, kungwi, ngariba, hivyo navyo ndani ya kisa mhusika anaweza kuwa navyo, lakini hatumvishi mchezaji.

Ya kifalme ya kubuni hayana shida, na wala hatukuanza sisi. Vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilienea miji ya Tanganyika enzi za ukoloni vikiwa na wafalme wao na maafisa wao wa kijeshi, vyeo vya Kizungu tupu, na kesho yake asubuhi kila mmoja alirudi kwenye kibarua chake. Wangetuona sisi wageni kwenye biashara hii.

Sasa lile kundi la tano. Linaitwa Shambani. Zamani nilikuwa na boti inayoondoa mtu aliyekaa kimya siku 30, kama miongozo mingi inavyoshauri. Ikafika Oktoba. Boti ikaanza kuwatoa watu wa Tandahimba na Newala mmoja baada ya mwingine, mpaka nahodha wetu akatoweka katikati ya bahari na jahazi lake. Hawakuwa wameacha mchezo. Walikuwa wanaokota korosho, wanaanika, wanapeleka magunia ghala la AMCOS, chama chao cha ushirika, wanasubiri mnada na malipo. Ni kazi inayokula mpaka Desemba na bando hukosa mtu wa kulinunua. Siku hizi anayekwenda anaandika neno moja, "shambani", boti inamweka kundi hilo na kumwacha. Jina lake la heshima linabaki. Mhusika wake tunampa homa au safari ya Unguja. Wanaporudi na hela mpya, wengine wanarudi na simu mpya pia, na maswali ya namba ya siri yananijia mimi.

Wenye simu ndogo tunao pia Telegram, na huko mambo yalinibana. Nilipoanza, jina la pembeni lilipatikana kwa admini peke yake. Ikabidi niwafanye wenye heshima kuwa maadmini wa jina tu, nikizima kila ruhusa isipokuwa moja isiyo na madhara. Kwa mtu aliyekwisha kuunguzwa na dhahabu ya Fanani Mstaafu, nilikuwa nakagua vitufe hivyo kila Jumapili. Na herufi ni 16, nafasi zikihesabiwa. "Baba wa Zawadi" linaingia. Mlinzi wa Kumbukumbu hakuingia, akabaki Mlinzi.

Mwaka huu waliompendekeza mwalimu walikuwa wengi, kijana wa Masasi akiwa wa kwanza na vipande vitano vya ushahidi. Nikampigia mwalimu kumuuliza angependa aitwe nani. Akakohoa, akasema kama ni lazima, basi Hamali wa Bandari. Nikahesabu kwa vidole: 17.

"Herufi moja imezidi, mwalimu."

"Ipunguze. Hujafundishwa kiambishi cha mahali?"

Hamali Bandarini. Ikaingia sawasawa.