Je, wajua kwa nini Vim, programu ya kuhariri maandishi, husogeza kishale kwa H, J, K na L?

Juzi baada ya Maghrib, mtoto wa kaka yangu alinikuta barazani hapa Kibokoni, Mombasa, kompyuta kaipakata na uso kaukunja. Alikuwa ameingia kwenye seva ya kazini kwao, akafungua faili moja la mipangilio kwa Vim, na kuanzia hapo mambo yakamgeukia. Akibonyeza herufi haiandikiki. Akibonyeza nyingine, mstari mzima unapotea. "Ami, hiki kitu hutokwaje?"

Nikamwambia abonyeze Esc, kitufe kinachokutoa kwenye uandishi na kukurudisha pale ambapo kila herufi ni amri, aandike :q! (toka bila kuhifadhi) kisha Enter. Akatoka, akashusha pumzi, halafu akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya: huyu aliyeamua H iwe kushoto, J iwe chini, K juu na L kulia, alikuwa na akili gani? Mishale si ipo hapo pembeni?

Sasa ipo. Ilipoandikwa programu hii, haikuwepo.

Vim ni mtoto wa programu iitwayo vi, ambayo Bill Joy alianza kuiandika mwaka 1976 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Siku hizo kompyuta ilikuwa dude kubwa lililokaa chumba chake, na wewe ulikaa mbele ya teminali, yaani kioo na kibodi tu, vilivyounganishwa nalo kwa waya. Teminali ya Joy ilikuwa ADM-3A, ya kampuni ya Lear Siegler. Kibodi yake haikuwa na vitufe maalumu vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya herufi zenyewe: wa kushoto kwenye H, wa chini kwenye J, wa juu kwenye K, wa kulia kwenye L. Joy alichukua alichokiona mbele ya macho yake.

Na kwa nini Lear Siegler walianzia H, wasianzie A? Hapa ndipo pananifurahisha zaidi. Katika orodha ya alama za kompyuta iitwayo ASCII, kila herufi ukiibonyeza pamoja na Ctrl hutoa namba ya nafasi yake katika alfabeti. H ni ya 8, na alama namba 8 ni kurudi nyuma hatua moja. J ni ya 10, na alama namba 10 ni kushuka mstari. Kwa hiyo kushoto na chini tayari vilikuwa na mahali pake kabla kibodi haijaundwa. Zilizobaki, juu na kulia, zikapewa majirani, K na L.

Kibodi hiyohiyo ndiyo iliyotuachia alama ya ~ kuwa na maana ya folda ya nyumbani kwako. Kwenye ADM-3A, ~ na neno Home vilikaa kitufe kimoja.

Tena kumbuka kwamba Joy alikuwa akifanya kazi kupitia modemu, kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu, ya kasi ya baud 300, ambayo hupitisha takriban herufi 30 kwa sekunde. Kioo cha mistari 24, kila mmoja herufi 80, ni herufi 1,920. Kukijaza upya ni zaidi ya dakika nzima. Mtu wa hali hiyo haandiki amri ndefu. Anataka x ifute herufi, dd ifute mstari, na basi.

Turudi kwenye ile kibodi, maana kuna vitufe vingine vitatu ambavyo watu huvisahau. Esc ilikuwa kando ya Q, pale ilipo Tab leo. Ctrl ilikuwa kando ya A, palipo Caps Lock. Na nukta mbili, ambayo ndiyo mlango wa amri zote za vi, iliandikwa bila kushika Shift. Vyote vitatu chini ya vidole. Kisha viwanda vikabadilisha kibodi: Esc ikapelekwa pembeni kule juu, Ctrl ikashushwa chini, nukta mbili ikawekewa Shift. Programu haikuambiwa.

Ukipita Mtaa wa Biashara utawaona mafundi wanaopinda leso. Fundi hatazami mkasi, mkono unaujua ulipo. Sasa mhamishie mkasi wake usiku, asubuhi umtazame mkono wake ukipapasa hewa. Ndivyo walivyo watumiaji wa Vim tangu kibodi ibadilike.

Na ndiyo maana nasema, hata kama wenyewe hawajui, wengi wanaojisifu kwa njia zao za mkato za binafsi wanairudisha ADM-3A nyumbani. Angalia zile zinazopendwa kuliko zote. Kugeuza Caps Lock iwe Ctrl au Esc: hiyo ni ADM-3A. Kuandika nnoremap ; : (kitufe cha ; kipewe kazi ya :) ili nukta mbili isihitaji Shift: ADM-3A tena. Kufanya herufi mbili za katikati ya kibodi zifanye kazi ya Esc: mkono unatafuta Esc iliyokuwa karibu.

Mistari hii huandikwa kwenye faili liitwalo .vimrc, ndani ya folda ya nyumbani. Nukta ya mwanzo hulificha faili lisionekane ukiorodhesha folda, na rc ni ufupisho wa runcom, jina lililotoka kwenye kompyuta za chuo cha MIT miaka ya 1960. Sehemu ya nore iliyo katikati ya nnoremap ina kazi kubwa: inaiambia Vim ichukue maana ya asili ya kitufe, isifuate njia nyingine ya mkato uliyoiweka. Ukiiacha, njia moja huita nyingine, hiyo nayo ikairudia ya kwanza, mkazunguka humo.

Ile ya herufi mbili iliniumbua mwenyewe. Wengi huweka inoremap jj <Esc>, nami nikaiga nikiwa na hoja: silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, jj itatoka wapi? Nikakaa nayo miezi bila tatizo. Kisha nikapewa orodha ya wachangiaji wa harusi niichape, macho kwenye karatasi, vidole vinakimbia. Nikafika kwa Alhajj Said. Zile j mbili zikanitoa kwenye uandishi, nafasi ikasogeza kishale, halafu S kubwa, ambayo katika Vim hufuta mstari wote na kuanza kuandika upya, ikafanya kazi yake. Kilichobaki ni "aid". Alhajj Omar yeye aligawanywa: "Alha" chini, "mar" mstari wa juu, kwa kuwa O kubwa hufungua mstari mpya juu. Mji huu una mahujaji wengi. Nilihamia jk siku ileile.

Plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, sina maneno mengi nazo. Tangu Vim 8 ya mwaka 2016 huhitaji hata kisakinishi, unaiweka tu ndani ya ~/.vim/pack, kwenye folda ndogo ya start, na inapakiwa yenyewe. Mimi ninazo mbili: fzf ya kutafuta faili, na vim-surround ya Tim Pope, inayobadilisha alama za kufungia maneno kwa vibonyezo vinne. Nimeona vijana wakijaza arobaini wiki ya kwanza, halafu wanalalamika Vim nzito. Ikikulemea, ifungue kwa vim --clean. Ikiwa nyepesi, jua mzigo ni wako.

Kitu kimoja alikigundua kijana mwenyewe alipofungua Vim bila faili: pale katikati ya kioo huweza kuonekana maneno ya kuomba msaada kwa watoto wa Uganda. Alidhani ni tangazo. Siyo. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim mwaka 1991 na kuitunza hadi alipofariki Agosti 2023, alijitolea mwaka mzima kuanzia 1994 katika kituo cha watoto huko Kibaale, Rakai, kusini mwa Uganda. Programu akaigawa bure, akiomba anayeifurahia akichangie kituo hicho. Andika :help uganda utayasoma yote.

Kabla hajaondoka alifungua .vimrc yake ya kwanza, tupu kabisa, akaandika mstari mmoja: inoremap jk <Esc>. Nilimuuliza mbona hakuweka jj kama wenzake. Akanijibu kwamba babake ni Alhajj.