Profesa Pogue na Jenerali Marshall: Yanayodhaniwa na Yaliyokuwa

Wengi hudhani profesa wa historia huijua vita kwa karatasi tu. Forrest Pogue alikuwa akifundisha chuoni Murray, Kentucky, kabla ya kuandikishwa jeshini mwaka 1942. Juni 1944 alikuwa melini karibu na ufukwe wa Omaha, Normandy, Ufaransa, majeruhi wakipandishwa kutoka pwani. Sajenti huyu mwenye shahada ya uzamivu aliwahoji papo hapo: ulikuwa wapi, uliona nini, nani alikuwa kando yako? Leo anahesabiwa miongoni mwa waasisi wa historia simulizi (historia inayokusanywa kwa kuwahoji walioshuhudia) nchini Marekani, na ndiye aliyekuja kuandika maisha ya Jenerali George Marshall, mkuu wa jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili.

Kuhusu Marshall mwenyewe, husemwa kwamba asingepanda cheo bila kumfurahisha Rais Roosevelt. Tazama kikao cha Ikulu cha Novemba 1938. Roosevelt alieleza mpango wake wa kuunda ndege nyingi za kivita, wakubwa wakaitikia kwa vichwa. Alipomgeukia Marshall, akamwita George, jambo ambalo jenerali hakulipenda, Marshall akajibu kwamba hakubaliani kabisa. Waliokuwepo waliona kibarua chake kimeota nyasi. Septemba 1, 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland, aliapishwa kuwa Mkuu wa Majeshi ya nchi kavu.

Wala si kweli kwamba Marshall ndiye aliyeongoza uvamizi wa Normandy. Roosevelt alimtaka abaki Washington, kazi hiyo ikaenda kwa Jenerali Eisenhower. Marshall ndiye aliyelikuza jeshi lisilofika askari 200,000 hadi likapita milioni 8, na kwangu huo ni ujenerali kamili.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba wasifu ulioandikwa kwa ridhaa ya mhusika ni sifa za kununuliwa. Marshall alikataa kuandika kumbukumbu zake, ingawa wachapishaji walimwekea fedha nyingi mezani. Alipokubali kuhojiwa, alitoa sharti: mapato ya kitabu yasiende kwake wala kwa familia yake. Pogue alimrekodi mwaka 1956 na 1957, kisha akayapima maneno yake kwa nyaraka na kwa ushahidi wa watu wengine wengi. Marshall alifariki mwaka 1959, buku la kwanza likatoka 1963. La nne, la mwisho, lilitoka 1987, mwaka ambao Pogue alitimiza miaka 75.