Kugongwa kichwa mara ya pili hakurudishi kumbukumbu

Mhusika wa tamthilia ya televisheni akipoteza kumbukumbu, watazamaji hugawanyika: wengine hulia naye, wengine hungoja agongwe tena kichwani ili akumbuke kila kitu. Wanaongoja watangoja sana. Ubongo si redio mbovu ya kupigwa kofi ikashika stesheni. Pigo jingine huongeza jeraha tu.

Kinachonikera zaidi ni yule anayesahau jina lake na mkewe, kisha kesho yake anajifunza mambo mapya bila shida. Kwa wengi walioumia ubongo hali huwa kinyume: wanajijua ni nani, ila jipya halikai. Mfano maarufu ni Henry Molaison wa Marekani. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo la ubongo linalosaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya. Hadi alipofariki mwaka 2008, watafiti aliokutana nao miaka nenda miaka rudi walikuwa wageni kwake kila walipoingia. Utoto wake aliukumbuka.

Ajabu ni kwamba alipofundishwa kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, mkono wake ulizidi kuwa hodari siku baada ya siku, ingawa mwenyewe hakukumbuka kuwahi kulifanya zoezi hilo.

Kusahau jina lako mwenyewe kupo, lakini ni nadra, na mara nyingi chanzo ni mshtuko mzito wa kisaikolojia.