Kiazi cha rangi ya chungwa hakijatiwa dawa

Hapa Tabora bado wapo wazazi wanaowanyima watoto viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, wakiamini vimepakwa rangi au vimetiwa dawa maabara. Si kweli, na imani hiyo inawanyima watoto chakula bora.

Rangi ile ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vinasaba vya kiazi ndivyo vinavyoamua itengenezwe kiasi gani. Kiazi cheupe kinayo kidogo mno, hata ukikipanda tuta moja na cha chungwa. Watafiti walizalisha aina hizi kwa kuchavusha maua ya viazi, kuotesha mbegu na kuchagua miche bora, kisha mkulima anaendeleza kwa marando, yaani vipande vya shina, kama kawaida. Kwa kazi hiyo Robert Mwanga wa Uganda alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Gramu 125 tu, yaani kiazi kidogo, humtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku. Mpe na karanga, maana mafuta husaidia kuifyonza. Michembe nayo, yaani vipande vya viazi vya kukausha, ukiianika juani kwa muda mrefu, hupoteza sehemu ya beta-karotini, afadhali kivulini.

Wengine husema vinanenepesha. Vinasaba vya mtoto huchangia unene, lakini soda, maandazi na kukaa bila kucheza humwongezea uzito kuliko kiazi cha kuchemsha.